Skuli ya Theluji Niliyomchagulia Keti

Matrah, Maskati
Mfunguo Tatu, 1388

Dada yangu mpenzi, Da Moza,

Shikamoo, dada. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, na sina ninaloliomba zaidi ya karatasi hii kuwakuta nyote hapo nyumbani wazima. Mguu wa Mama vipi? Ule uvimbe umepungua, au bado anauficha ndani ya kanga ili asipelekwe hospitali? Mwambie Shangazi Nasra naye ana goti lake huku. Kila asubuhi namsugua kwa mafuta ya ufuta, na kila jioni ananiambia mafuta ya siku hizi si mafuta. Na kifua chako wewe? Mvua zimeanza? Hapa mvua ilinyesha mara moja tu, mchana, watu wakatoka vibarazani kuitazama.

Barua yako ya kabla ya Ramadhani niliipata. Umenilaumu kwamba siku hizi naandika maneno mafupi kama mtu anayepiga telegramu. Lawama nimeipokea. Leo nitakuandikia mpaka uchoke, maana sina kazi tena na mchana ni mrefu. Ngoja nikueleze kwa nini sina kazi, na kwa nini kila anayenitazama usoni siku hizi ananipa pole.

Unamkumbuka Keti niliyekwambia, yule mtoto wa Kiingereza ninayemlea na kumsomesha? Baba yake, Bwana Peter, ni mhandisi wa mafuta, na nyumba yao iko nje ya Matrah, ng'ambo ya majabali, pamoja na nyumba za wenziwe. Keti alizaliwa Mombasa, wakati baba yake akifanya kazi bandarini, na aliyemlea huko mpaka akatimia miaka minne ni mama mmoja wa Kimvita. Kwa hivyo mtoto alianza kusema kwa Kiswahili. Walipohamia huku na kumwacha yule mama, mtoto akashikwa na kigugumizi. Kwa Kiingereza neno lilikuwa likimkwama kooni, uso unamwiva, shingo inamsimama, na mwisho analiacha lilipo na kutazama chini. Mbele ya wageni hakuwa akisema kabisa. Lakini kwa Kiswahili, Da Moza, ungemsikia ukiwa chumba cha pili ungedhani ni mtoto wa Malindi ya kwetu Unguja anayegombana na wenziwe. Ndiyo sababu mama yake, Bi Helen, alinitafuta mimi. Alikuwa anataka mtu wa kumsomesha Kiingereza mtoto wake, lakini awe anajua na Kiswahili, apate pa kumkamatia.

Nimekuwa naye miaka mitatu sasa. Ameshafika saba.

Wana mtoto mwengine, Maiko, mkubwa wa Keti, yeye yuko skuli ya bweni Uingereza. Wanaonana naye mara chache. Mwaka huu Bwana Peter akapata fikira kwamba Maiko akifunga skuli, wote wanne wakutane Uswisi, milimani kwenye theluji, wajifunze ule mchezo wa kuvaa mbao ndefu miguuni na kuteremka mlima. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuucheza. Bi Helen alinambia kwamba mumewe anataka watoto wake wawe na jambo moja walilojifunza pamoja, maana wameanza kuwa kama wageni wao kwa wao. Mimi nikaona fikira nzuri. Nilipomhadithia Shangazi Nasra akaniuliza, "Theluji ndiyo ile barafu anayowekewa samaki?" Nikamwambia ndiyo, lakini imejaa mlima mzima. Akasema, "Na watu wanakwenda huko kwa khiari yao?"

Ikawa Ramadhani. Nikifika asubuhi naikuta meza ya kulia imejaa karatasi za picha: milima myeupe, watu wanacheka, meno yao meupe pia. Kumbe mchezo ule huendi ukauanza tu, lazima uchague mwalimu, na skuli za kufundishia ni nyingi. Kwa wakubwa na Maiko hapakuwa na taabu, wakajiandikisha pamoja kwenye darasa la wanaosema Kiingereza. Taabu ilikuwa Keti.

Bwana Peter alitaka amwekee mwalimu wake peke yake. Kulikuwa na picha ya huyo mwalimu, mwanamume kifua kipana, aliyekuwa akishindana zamani. "Atamfundisha haraka," akasema, "na hatakuwa na watoto wa kumcheka."

Bi Helen akamjibu, "Peter, atasimama mlimani siku nzima na mwanamume asiyemjua, anamuuliza maswali. Umefikiri hayo?"

"Basi akae na sisi."

"Darasa la wakubwa? Na Maiko akimsikia akishindwa kusema?"

Palikuwa na darasa la tatu, la watoto wadogo watupu. Wanachukuliwa asubuhi na kurudishwa alasiri, wanakula hukohuko, watoto wa kila nchi pamoja, na mwalimu wao ni mwanamke. Wazee wao hawaruhusiwi kusogea, kwa sababu mtoto akimwona mama yake analia. Hilo Bwana Peter hakulitaka hata kulisikia. "Watamsahau nyuma," akasema. "Mtoto asiyesema husahauliwa."

Siku hiyo Bi Helen akanifuata jikoni, akauegemea mlango. Akaniuliza, "Wewe, Rahma, ungechagua lipi?"

"Mimi, Bibi, sijapata kuiona theluji kwa macho yangu."

"Na mimi sijapata kuikanyaga na mbao. Sote hapa tunapapasa. Lakini Keti unamjua."

Nikafikiri, nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua mimi. "Akitaka kwenda msalani, atamwambia nani?"

Akasema, kama mtu aliyeamka, "Njoo na sisi. Kwa nini usije na sisi? Utamkalia kando tu."

Da Moza, mimi ni mtu mzima na nimeshaona mengi. Lakini nilitetemeka. Si kwa theluji. Ilikuwa ni kuambiwa tu njoo, panda ndege, nenda mahali, halafu rudi. Tangu nilipotoka Unguja wakati wa mapinduzi, sijapata kwenda mahali kwa raha yangu.

Pasi sina, unajua. Ile karatasi niliyotoka nayo nyumbani ni ya serikali ambayo haipo tena. Hapa nimepokewa kwa sababu babu alikuwa mtu wa hapa, na Shangazi alinitolea ushahidi mbele ya wakubwa. Lakini kutoka nje ya nchi ni kwa ruhusa, na ruhusa inatoka juu kabisa. Bwana Peter aliniandikia maombi, akanipeleka mwenyewe kwa gari mpaka afisi ya serikali. Tulipokewa na mzee mmoja mpole, ndevu nyeupe, akatutilia kahawa ingawa yeye amefunga na mimi nimefunga, ikawa ni ya Bwana Peter peke yake. Akayasoma maombi mara mbili.

"Binti yangu," akaniambia, "nitayapeleka. Lakini nikwambie kama ningemwambia binti yangu mwenyewe. Kutoka naweza kukuombea. Kurudi sikudhaminii."

"Nna shangazi hapa, ami. Mzee, hana mtu mwengine."

"Ndiyo nnakwambia."

Tukangoja. Nilirudi kuuliza, nikaambiwa ruhusa haijaja. Nikarudi tena, haijaja. "Itakuja lini?" "Itakapokuja." Hakuna aliyenikemea, wala hakuna aliyenikatalia, laiti wangenikatalia ningejua moja. Siku moja Bwana Peter akaingia peke yake, mimi nikamngoja garini, akatoka masikio mekundu, akaliendesha gari mbio. Tulipofika nyumbani akazima injini akasema, "Samahani, Rahma." Basi nikajua siendi.

Aliyebaki kuambiwa ni Keti. Nilimwambia wakati nasuka nywele zake, maana hapo hawezi kunigeukia.

"Basi na mimi siendi," akasema.

"Maiko anakungoja."

"Huko nani anajua Kiswahili?"

"Hapana mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu."

Nikamaliza kusuka, nikamfunga utepe.

Bwana Peter ana roho nzuri, lakini ni mtu wa kutengeneza vitu. Akaona mtoto ana khofu, akachukua mbao mbili za kasha la mashine, akazipiga randa, akapigilia juu yake viatu vyake Keti vya zamani, akampa na fimbo mbili za ufagio za kushika mikononi. Nyuma ya nyumba zao pana tuta la mchanga ambao upepo umeurundika ubavuni mwa jabali. Kila alasiri, mimi na saumu yangu, namkokota mtoto mpaka juu ya lile tuta, namwachia, anateremka hatua chache, mchanga unazishika mbao, anaanguka kwa uso. Namfuta macho, tunapanda tena. Siku moja akapita mzee mmoja na punda wake, akasimama kututazama muda mrefu. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Huyu mtoto ana maradhi gani?" Nikamwambia, "Hana maradhi, anajifunza kuanguka." Akasema, "La haula," akampiga punda wakaenda zao.

Nyumba ya pili yake wanakaa Waholanzi, wana watoto wawili wa kike, pacha, wageni wa juzi tu. Hawajui Kiingereza wala Kiarabu. Walipoona mchezo wetu wakaja. Nikasogea kando, nikaketi kwenye kivuli cha jabali. Keti akawavalisha mbao, kila mmoja mguu mmoja, akawa anawaamrisha kwa Kiswahili, "Piga magoti! Usitazame chini! Wewe, siyo hivyo!" Na wale wanamjibu kwa Kiholanzi chao, sauti juu kama yeye. Hakuna aliyemfahamu mwenziwe hata neno, na wote watatu wanafahamiana. Walicheza mpaka nikasikia adhana kwa mbali na nikawa sina tende mfukoni.

Hapo ndipo nilipochagua. Kesho yake nikamwambia Bi Helen, "Lile darasa la watoto watupu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wametoka kila nchi. Huko kila mtoto atakuwa bubu kidogo. Wa kwetu hataonekana."

Akanikamata mkono. Siku ileile akamwambia mumewe mbele yangu, wakabishana kwa maneno ya haraka ambayo sikuyapata yote. Mwisho Bwana Peter akainua mikono. "Haya. Lakini akirudi na mguu uliovunjika, nitajua wa kumuuliza." Alikuwa anafanya mzaha. Bi Helen akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nabahatisha, Da Moza. Nilikuwa nimeona watoto watatu kwenye mchanga nikasema basi na mlimani kwenye barafu itakuwa hivyo hivyo. Ningekuwa nachagua kitambaa cha gauni ningetaka kukishika kwanza.

Bi Helen akaiandikia ile skuli kwamba mtoto huyu akiinua vidole viwili ana haja ya msala. Nikamzoesha Keti kuinua vidole viwili. Ndiyo msaada niliompa, mimi mwalimu mzima.

Wakaondoka siku chache baada ya Idi ndogo, kwa ndege ya Bahrain. Nilikwenda mpaka uwanjani. Keti kavalishwa soksi za sufi katika jua lile, koti zito amelikumbatia mikononi. Hakulia. Aliniinulia vidole viwili, mama yake akababaika akidhani anataka msala kweli, na yule mtoto akacheka.

Walikuwa warudi Januari haijaisha. Januari ikaisha.

Nataka nikueleze jinsi nilivyokaa siku hizo, lakini hakuna la kueleza. Gari la kampuni lililokuwa likinichukua asubuhi likaacha kuja, maana hapana mtoto wa kumwendea. Nikawa naamka vilevile, navaa buibui, nakaa barazani. Nikamuuliza dereva, hajui. Nikaenda kwa miguu mpaka kwa yule Mholanzi, mama wa pacha, akanifungulia mlango, akanionyesha mikono mitupu, akanikaribisha maji. Nyumba ya akina Keti mapazia yamefungwa, na zile mbao mbili ziko palepale nje, mchanga umezifunika nusu.

Nikaanza kuona mambo. Naona mlima mweupe na mtoto mmoja amebaki nyuma, wenziwe wamekwenda kula, naye hana neno la kuwaitia. Nikimwambia Shangazi ananambia, "Mtoto ana mama na baba, wewe unajitia nini?" Kweli, najitia nini? Si wangu. Hata kuuliza sina pa kuuliza. Kama amevunjika, amevunjika kwa shauri langu, na mimi nimekaa Matrah nachambua mchele.

Bwana Peter alikuja mwenyewe, siku ya pili ya Idi kubwa. Nilisikia watoto wa mtaani wanapiga kelele, nikachungulia, nikamwona anainama kupita kwenye upenyo wa nyumba yetu. Peke yake. Nikatoka mbio mlangoni.

"Keti yuko wapi?" Hata salamu sikumpa.

"Mzima," akasema. "Mzima kabisa, Rahma. Zaidi ya mzima."

Shangazi akamkaribisha, akakaa juu ya mkeka, magoti yake marefu yakifika kidevuni. Tukamtilia kahawa, tukamwekea halwa. Akaanza kunihadithia.

Siku ya kwanza Keti alilia mpaka akatapika. Siku ya pili akakataa kuvaa viatu, mama yake akataka kumtoa darasani, na skuli ikawaambia wampe siku moja zaidi. Yule mwalimu, mwanamke mnene, umri wake kama wewe, alikuwa na mtindo wake. Watoto wanashikana mkia kama kuku na vifaranga, na wakifika mahali pa kuteremka lazima wote wapige ukelele kwa pamoja, nguvu zao zote, mpaka wafike chini. Maneno ya kitoto tu, yasiyo maana katika lugha yoyote. Siku ya tatu Keti akapiga ukelele. Siku zilizofuata akawa yeye ndiye wa mbele. Halafu ukelele ukaanza kuingia maneno. Alasiri moja wako wote mlimani, Maiko amesimama njiani anafunga kiatu, na Keti anakuja mbio kutoka juu, hajui kusimama bado. Akampigia kelele kwa Kiingereza, neno zima, moja kwa moja, pasina kukwama: "Maiko, ondoka njiani!"

"Maiko hakuondoka," Bwana Peter akasema. "Alisimama akiduwaa. Wakaanguka wote wawili. Nikawaona kwa mbali wamelala kwenye theluji, nikadhani wameumia, nikakimbia. Kumbe wanazungumza. Rahma, walikuwa wamelala pale chini wanazungumza."

Akaifuta pua yake kwa leso. Na mimi nikajifuta uso kwa ncha ya ukaya niliojitanda. Nilifurahi, Da Moza, nataka ulijue hilo kabla sijakwambia mengine.

"Ulichagua vizuri," akaniambia. "Helen kanituma nikwambie hivyo hivyo."

"Wanakuja lini?"

Akakiweka kikombe chini. Hakunitazama.

Walipotoka mlimani walikwenda Uingereza wakamwona daktari wa mambo ya kusema. Daktari akasema mlango umefunguka na sasa usiachwe ukafungwa. Mtoto akae hukohuko, asome skuli pamoja na watoto wenziwe, kwa lugha moja. Bi Helen amebaki naye nyumbani kwa mama yake. Maiko ametolewa bweni, anakaa nao. Bwana Peter peke yake ndiye aliyerudi kazini, na nyumba wanamnyang'anya wapewe wenye familia.

"Vizuri," nikasema. "Na Kiswahili?"

"Daktari kasema akiache."

"Akiache vipi?"

"Asikiseme, asikisikie. Lugha mbili ndizo zilizomfunga, kwa maoni yake. Kiingereza kipate kukaa imara."

"Mpaka lini, Bwana Peter?"

"Sijui. Mpaka akue." Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili chake kibovu alichokiokota Mombasa, "Yeye nauliza wewe kila siku. Mama yake naambia, sema kwa Kiingereza. Basi yeye nanyamaza."

Ningemwambia nini? Kwamba daktari amekosea? Mimi si daktari. Mtoto alikuwa hasemi, sasa anasema, na yeye ni baba yake na nimemwona analia juu ya mkeka wetu. Ningemwambia kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa kikimfungua, si kinachomfunga? Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Lakini nikaona kwamba labda nasema kwa ajili yangu mimi, na sikuweza kupambanua lipi la Keti na lipi langu, nikaufunga.

Akatoa karatasi na kalamu ya wino mfukoni mwa koti. Akasema Bi Helen anaomba nimwandikie Keti maneno machache, atamtilia ndani ya barua yake. Kwa Kiingereza, tafadhali.

Kiingereza nnakijua, dada. Unajua wewe nimekisomesha watoto wa watu miaka mingapi pale skuli. Nikakaa na karatasi juu ya goti. Kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia yule mtoto, "Umeamkaje, roho yangu?" Nikaitafuta hiyo kwa Kiingereza. Nikaipata maneno yake, lakini hayakuwa maneno ambayo mtu anamwambia mtoto akiamka. Mwisho nikaandika kwamba mimi mzima, nnatumai naye mzima, nimefurahi kusikia anateleza vizuri, awe mtoto mwema, amsaidie mama yake. Nikatia jina langu. Bwana Peter akaisoma, akasema ni nzuri sana, akaikunja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamuaga Shangazi kwa Kiarabu, akainama akatoka.

Shangazi alikuwa hajafahamu maana mengi tulizungumza kwa Kiingereza. Alikuwa amenitazama tu muda wote ule. Akaniuliza, "Mtoto kafa?"

"Hajafa, Shangazi. Mzima. Anasema, anacheka."

"Basi unalia nini?"

Nikaondoa vikombe.

Ndiyo khabari yangu hiyo. Kazi nyengine nitatafuta. Kuna mke wa tajiri mmoja hapa sokoni anataka bintize wasome ndani, nami nimemwambia anipe siku kidogo. Usimwambie Mama kwamba nalia, mwambie nimepumzika. Barua hii anaibeba mke wa nahodha anayekwenda Mombasa kumwona dada yake, na kutoka huko atampa mtu wa kuaminika. Kama imefika imekunjamana usinicheke.

Nisalimie Mama, nambusu mikono yote miwili, na huo mguu aende akauonyeshe. Nisalimie mjomba fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea bado linavalika. Nisalimie wifi yetu, mke wa kaka, na kichanga chake ambaye sijamwona. Nisalimie mwalimu wa chuoni na jirani yetu wa mlango wa bluu, anayenipelekea salamu na mimi sizijibu. Wanao wote wabusu mmoja mmoja, na yule wa mwisho umsemeze sana, usichoke na maswali yake.

Nimekuandikia urefu huu kwa sababu yote niliyotaka kumwambia yule mtoto yalinibaki mdomoni, na yamebaki kwa lugha yetu, na mwenye kuyasikia ni wewe tu. Umeamkaje, roho yangu. Umelala vizuri? Baridi ya huko haikuumi? Amekusuka nywele nani?

Mdogo wako akupendaye,
Rahma